Mtoto wa Tulia Hakui

Mawimbi yale kwenye skrini yakigusa mstari wa chini, mtoto atatolewa leo hii. Ndivyo alivyosema Daktari Lois, na Vedasto hakuyaondolea macho.

Mkewe Tulia alikuwa chali kitandani, tumbo limepakwa mafuta baridi. Daktari alitembeza kifaa cha Dopla taratibu, akitafuta mshipa wa kitovu, aone damu inampelekea mtoto hewa kiasi gani. Chumba kikajaa mlio: fyu, fyu, fyu.

"Anakimbia huyo," alisema Bi Generosa, mama yake Vedasto, kwenye kiti cha pembeni. "Anamkimbia mama yake na piza zake."

Tangu atue Minneapolis kutoka Bukoba, Januari hiyo ya 1996, utani haukumkauka. Barua ya kliniki yenye tarehe ya kujifungua ndiyo iliyompatia viza. Mtoto alikuwa mdogo mno kwa wiki thelathini na saba, na Vedasto hakupata usingizi. Bi Generosa alikoroma. Akiamka anapika uji, anamcheka mkwewe kwamba anadonoa kama kuku mgonjwa. Tulia alimeza uji na maneno, akimngoja mama yake mzazi, ambaye tiketi yake ilikuwa bado ya mwezi ujao.

Daktari alizima mlio. Alisema damu inapita vizuri, hewa inatosha, moyo hauna tatizo. Hapo ndipo alipochanganyikiwa: mtoto analishwa, lakini hakui. Akaangalia tarehe kwenye faili, akatikisa kichwa. Kwa umri huo hangoji tena. Kesho asubuhi atampasua Tulia, amtoe.

Vedasto alitafsiri. Tulia akaanza kulia kimyakimya. Akamtazama mkwewe, si mumewe.

Bi Generosa aliacha kutabasamu. Akavua glavu, ambazo kwa baridi ya huko alikuwa hazivui hata ndani.

"Mwambie asiguse kisu. Mtoto ana wiki thelathini na moja."

"Umejuaje, mama?"

"Zile wiki sita nilimwambia mkeo aziongeze, kwa simu, kabla hajaenda kliniki mara ya kwanza. Ningekuja kwa tarehe ya kweli, ningemkuta mama yake ameshashika jiko."