Mluzi wa Sekilo

Tangu mapumziko yaanze, kipa Mbaruku alikuwa amemkazia macho Kiondo. Bao walilofungwa lilitokana na pasi yake. Kiungo mzima, hajasukumwa wala hajabanwa, alimpelekea mpira Sekilo miguuni, na Sekilo, mshambuliaji aliyewabeba miaka yote, sasa amevaa jezi ya wapinzani!

"Wamekupa nini, Kiondo?"

"Hawajanipa kitu, kaka. Alipiga ule mluzi wake wa kuomba mpira. Nilipogutuka, nimeshatoa pasi."

"Mluzi! Unanifanya mimi mtoto?"

Kiondo aliinama, akaanza kufunga upya kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Wenzake walihama benchi, wakamwachia lote.

Kipindi cha pili Mbaruku aliudaka mpira wa kona, akaukumbatia. Kushoto, Kiondo alikuwa peke yake, amenyoosha mkono kuuomba. Huyo simpi ng'o, Mbaruku alijisemea, akamgeuzia mgongo. Hapo ndipo mluzi ulipolia upande wa kulia, mfupi, ule ule wa miaka yote.

Mbaruku alipogutuka, mkono ulikuwa umeshazunguka juu ya bega, na mpira umeanza kuteleza vidoleni.