Picha Moja Iliyotoka

Picha ya kwanza ilitoka nyeusi tii, utadhani Zuhra aliipigia ndani ya gunia la mkaa. Ya pili ilikuwa na kidole chake mwenyewe. Ya tatu, hata fundi wa studio ya Kigoma mjini aliyeisafisha alishindwa kusema kama ni ziwa au ukuta.

"Wewe si mpiga picha?" akauliza Afande Feliksi, mkuu wa doria ya Kagunga.

"Wa mchana," Zuhra akamjibu, macho hakuinamisha. "Usiku ndiyo najifunza."

Kweli tupu. Kwao Ujiji alizoea kupiga harusi na picha za vitambulisho. Kagunga aliletwa na ndoa, akaolewa na Swaibu mvuvi, na kamera ikaja naye. Sasa mpaka ulikuwa umefungwa, lakini wakimbizi wa Burundi walizidi kuvushwa usiku kwa mitumbwi. Feliksi, aliyehamishiwa pale juzijuzi kutoka Singida, alitaka ushahidi. Mtumbwi utakaonaswa kwenye picha, mwenyewe jela, na abiria warudishwe kulekule walikokimbia. Zuhra akishindwa mwezi huu, ataletwa mtu wa mjini.

"Usilete mtu," Zuhra akasema. "Kazi hii ni yangu."

Ubishi wa mwanamke yule, jamani! Kijiji kizima kilimnunia. Rahabu, ambaye dada yake alikuwa bado amekwama Burundi, alitema mate chini mbele yake, akamwambia anauza watu. Zuhra akapita zake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi; usiku ulipoingia alikuwa ufukweni tena.

Alijifunza kwa kukosea. Alipoishika kamera mkononi, picha ilitikisika, basi akaiweka juu ya jiwe na kuishindilia mchanga pembeni. Alipolifungua jicho la kamera kidogo, akapata giza. Akaliacha wazi mpaka amalize Alhamdu tatu kimoyomoyo. Nuru bado haikutosha. Akasubiri mwezi upevuke.

Mwezi ukapevuka, na picha ikatoka. Ikatoka haswa! Milima ya ng'ambo ilionekana, maji yanang'aa, na katikati ya ziwa mitumbwi saba yenye karabai.

Feliksi aliishika muda mrefu. Zuhra alisimama wima.

"Hawa ni nani?"

"Wavuvi wa dagaa, Afande. Si unaziona taa?"

"Mbona wamejaa hivi?"

"Nyavu ni nzito. Mtu mmoja atazivuta?"

Feliksi akaridhika. Akasema ufuko huu ni safi, akaihamishia doria kusini, na picha akaibandika ukutani nyuma ya kiti chake ili kila mgeni aione kazi ya ofisi yake.

Siku Rahabu alipoitwa pale ofisini akaiona, aliaga haraka, akaenda moja kwa moja kwa Zuhra kumwomba radhi.

Maana hata mtoto wa Kagunga anajua: mwezi ukipevuka dagaa hawafuati taa, na wavuvi wote, Swaibu wa kwanza, hulala majumbani kwao.