Mrija Hauguswi

"Gusa tu huo mrija, nikuvunje vidole!" Ubaldo alifoka.

Mgeni hakuugusa, kama mila ya kule itakavyo. Alikipokea kwa mkono wa kulia kibuyu cha yerba, yale majani machungu yanayonywewa kama chai, akaweka midomo kwenye mrija vile vile alivyoukuta, akavuta. Maji yalikuwa ya kuchubua ulimi, maana Ubaldo aliyachemsha hivyo makusudi. Yule bwana hata kope hakupepesa. Alivuta mpaka mrija ukakoroma, akakigonga kibuyu gotini mara mbili, akakirudisha bila kusema asante. Mtu wa jimbo la Misiones hasemi asante mpaka atosheke. Ukishukuru, hupewi tena.

"Bahati hiyo," Ubaldo alisema. "Hata nyani anaweza kuvuta mrija."

Mgeni huyo alishuka kwenye basi la kutoka mji wa Oberá asubuhi ile ile, begi moja mkononi, akasema yeye ndiye Crispín, mtoto wa kwanza wa Bi Eudosia, aliyekwenda Brazili akapotelea huko. Zulma, dada mtu, alikuwa mtoto wa kunyonya wakati kaka yake alipoondoka, kwa hiyo alimkumbatia tu na kulia. Ubaldo, mumewe Zulma, aliingia nyumba hiyo kwa kuoa miaka mingi baadaye. Yeye hakulia. Alimwita mwenzake tapeli kabla begi halijatua chini.

Bi Eudosia alikaa pembeni akimenya muhogo. Alishamkaribisha mgeni kahawa. Juu ya rafu kulikuwa na kopo la kahawa ambalo hakuna mtu mle ndani aliyewahi kulifungua, na likipitwa na muda wake bibi hununua jingine. Ubaldo humtania kila siku: "Mama, hiyo unamnunulia nani, panya?"

"Kahawa?" mgeni alikuwa amecheka. "Mama, miaka yote hii nimeota yerba ya nyumbani!"

Bibi alirudi kwenye muhogo wake.

Kilichogombewa kilikuwa shamba, ile mistari ya miti ya yerba kuanzia nyuma ya jiko hadi kijitoni. Ubaldo alitaka liuzwe tangu zamani, na mnunuzi alikuwa tayari, lakini bibi alikuwa na jibu moja tu: haliuzwi mpaka Crispín arudi aseme mwenyewe. Sasa Crispín huyu hapa. Akikubaliwa, neno lake ndilo litakalokuwa neno, na Ubaldo atabaki anang'aa macho. Ndiyo maana alikuwa anatema moto, na nani angemlaumu?

Alijijazia kibuyu, akanywa, akakigonga gotini mara mbili, mazoea yake yeye peke yake mle nyumbani, akajaza tena.

"Haya, mwana wa Misiones, tuambie. Huko Sao Paulo kahawa si imejaa kila kona? Ulikuwa unakunywa nini, maji ya bomba?"

"Kahawa sikuigusa hata siku moja, shemeji."

"Usiniite shemeji! Kwa nini hukuigusa?"

"Kahawa ni kinywaji cha mtu na kikombe chake, kila mmoja na chake. Inakupandisha moyo mbio, mikono inatetemeka, halafu inakutupa chini umechoka kuliko ulivyoanza. Yerba inakuamsha polepole na kukaa nawe mpaka jioni. Ni chungu, ndiyo, inanuka moshi na nyasi mbichi. Lakini mnakula uchungu mmoja, mrija mmoja, nyote."

Zulma alianza kulia upya. "Ubaldo, muache! Husikii anavyoongea?"

"Wewe nyamaza! Urithi wako unaliwa, wewe unalia machozi!" Alimgeukia mgeni. "Anayejaza kibuyu, kwa nini anakunywa cha kwanza yeye?"

"Kwa sababu cha kwanza ndicho kikali na kibaya kuliko vyote. Mwenye adabu hampi mgeni ubaya."

"Na nikikupa iliyopoa?"

"Utakuwa umenitukana. Ila wewe tangu nifike hujafanya kingine, shemeji."

Zulma alicheka katikati ya machozi. Ubaldo alisimama akapiga meza kwa ngumi, birika likaruka. Alizunguka jiko zima akihema, akamtukana mgeni, mama aliyemzaa mgeni, kisha akakumbuka mama huyo anaweza kuwa amekaa pale pale na muhogo wake, akaomba radhi. Mwishowe akajibwaga kwenye kiti.

"Basi," alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Basi, nimeshindwa. Roho inaniuma, lakini tapeli hawezi kujua haya yote. Mama, huyu ni mwanao."

Mgeni alipiga magoti mbele ya bibi, akamshika mikono iliyojaa wanga wa muhogo.

"Mama, hili shamba limekuchosha. Tuuze, upumzike."

"Unaona!" Ubaldo alinung'unika. "Hata joto la kiti halijampata. Lakini mimi ni nani? Aliyetakiwa kusema amesema."

Bi Eudosia aliichomoa mikono yake taratibu, akainuka. Alilishusha kopo la kahawa kutoka kwenye rafu, akalipangusa vumbi kwa aproni.

"Crispín wangu yerba ilikuwa inamtapisha tangu mdogo," alisema. "Hata harufu yake tu. Kahawa hii ni yake."

Mgeni aligeuka haraka kumtazama Ubaldo, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo hakufundishwa.

Bibi naye alikuwa anamtazama Ubaldo. Alilipeleka kopo kwenye goti lake mwenyewe, akaligonga mara mbili, kama wao.

"Zulma mwanangu, wafungulie mlango," alisema. "Wote wawili."