Wavulana wa Safu ya Nyuma

Ilikuwa shule ya tisa wiki ile, na miguu ya afisa takwimu ilikuwa imevimba ndani ya viatu. Alisimama mlangoni mwa kidato cha pili, akahesabu wavulana kwa ncha ya kalamu. Arobaini na mmoja. Mwaka jana walikuwa kumi na tisa.

"Mmejitahidi," alimwambia mwalimu mkuu.

"Tunapambana, mama," mwalimu mkuu alijibu, akifuta jasho.

Afisa alipita kati ya madawati. Huko nyuma kulinuka saruji mbichi. Mvulana mmoja alikuwa ameficha mikono chini ya dawati. Afisa alimwomba daftari, na mikono ikabidi itoke: kucha zimejaa saruji, viganja vimepasuka. Tarehe ya mwisho daftarini ilikuwa ya mwaka juzi.

"Unajenga wapi, mwanangu?"

"Hapo ng'ambo ya barabara." Mvulana alimwangalia mwalimu mkuu, akashusha sauti. "Fundi ametuazimisha hapa kwa saa moja tu. Tuhesabiwe, turudi."

Afisa alishusha pumzi. Alikuwa amechoka mno, hata hasira haikuja. Alifungua fomu, akaweka kalamu kwenye kisanduku cha wavulana.

"Mama," mvulana alimnong'oneza, "ukiandika polepole, si tutamaliza hiki kipindi?"

Ubaoni palikuwa na hesabu iliyofika nusu.

Afisa akavuta kiti, akavua viatu, akaanza kuwahesabu upya, mmoja mmoja.