Tundu la Ubavuni

Fundi Mkude aligeuza gitaa kavu alilolitengeneza binti yake, Semeni, akakunja uso.

"Hili tundu la ubavuni ni la panya? Magitaa ya nyumba hii yana tundu moja tu, mbele!"

Semeni alipaza sauti. "La mbele ni la wasikilizaji, baba. La ubavuni ni la mpigaji. Ni lako!"

Masikio ya Mkude yaliliwa na mashine za kiwanda cha mbao alikofanya kazi zamani, na kiwanda hakikusema hata pole. Tangu hapo alipima magitaa kwa kubana kidevu kwenye ubao, akiambulia mtetemo tu.

Aliinamisha sikio juu ya tundu, akapiga wimbo aliokuwa akiuimba marehemu mkewe. Vidole vikasita.

"Unasikia, baba?"

"Usipige kelele," alinong'ona. "Utamfukuza."

Akaanza upya, polepole.