Kamba ya Bi Tatu

Redio iliposema bahari ingefurika jioni ile, Mwanaidi alipandisha magodoro juu ya meza, akajaza ndoo maji ya kunywa. Alipotoka nje alimkuta mumewe, Shekue, akifunga kamba kutoka nguzo ya baraza yao hadi kwenye komeo la jirani.

"Ya nini hiyo, baba Asma?"

"Ya Bi Tatu. Umeme ukikatika na maji yakiingia kwake, aifuate mpaka hapa."

"Huyo asiyeitikia hata salamu zetu?"

"Yuko peke yake."

Mvua ilianza. Mlango wa jirani ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, ukaipapasa kamba, kisha ukaivuta kwa nguvu. Mwanaidi hakujua kama inajaribiwa au inang'olewa. Akaishika upande wake, akasubiri.