Wali wa Mwenyekiti Ngiri

Mezani walikuwapo Nyegere, mkaguzi wa visima. Ngiri, mwenyekiti wa kijiji. Na Kwale, mpishi wake. Nyegere alikuwa ametoka vijiji vitatu, na kote alilishwa ugali kwa lazima.

"Wali sili, Mwenyekiti. Nina kisukari. Nipe mboga tu."

"Unatudharau! Usipokula, kisima hukikagui."

Kazi ni kazi. Nyegere alikula sahani tatu, amefura kwa hasira. Ndipo Kwale akamwekea Ngiri mchicha na mayai.

"Mbona wewe huli wali?"

"Daktari amenikataza, bwana. Nina kisukari."

"Na mimi nilikwambia nini?" Nyegere alifoka, akapiga meza.

"Wewe si mgeni? Mgeni hakatai chakula."

Kisima kilikaguliwa alasiri hiyo. Nyegere alifariki kesho yake, Jumatano, njiani kurudi kwake, sukari ikiwa imempanda.